Vikanyagio vya Kiti cha Nyuma Vimeniponza

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unipokee pamoja na mzigo wangu huu maana sina pengine pa kuutua, rafiki zangu nikiwaambia watacheka mpaka wakae chini, na mke wangu siwezi kumwambia, kwa sababu kutokumwambia huko ndiko kulikonileta kwako.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kimebanwa kati ya duka la vitambaa na kinyozi, kidogo kiasi kwamba mteja akiingia na mwavuli lazima mmoja wetu atoke, na kutwa nzima nimeinama na kioo jichoni nikikimbizana na skrubu ndogo kama ufuta, kwa hiyo usinishangae nikikuambia kwamba starehe yangu pekee hapa duniani ni kitu kikubwa. Nina pikipiki. Si hizi za mizigo na abiria, ni zile nene za kwenda nazo taratibu, kiti kiko chini, usukani umepanuka kama pembe za ng'ombe, injini inanguruma kama mzee aliyeshiba, majirani wameibandika jina la Kochi kwa sababu wanasema mimi siendeshi, nimeketi sebuleni na sebule ndiyo inayotembea.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, chumba cha mbele, na Shangazi, yule mwanamke ana jicho, ukipita tu mlangoni pake anajua kiuno chako na anajua kama mwezi uliopita kilikuwa na adabu zaidi. Kochi hapandi. Zamani alipanda, ila vikanyagio vya nyuma vilivyokuja na pikipiki viko juu sana, halafu vyembamba kama vidole, magoti yalikuwa yakimfika kifuani, akishuka anatembea kama mtu aliyetolewa kwenye sanduku, akawa ananiomba nivibadilishe nami namwambia atazoea, mwisho akaacha kupanda, siku hizi akiwa na safari anakwenda kituoni kungoja basi. Hilo halina neno, nimelitaja tu ili upate picha.

Sasa mwaka huu mama yake akaja kukaa nasi. Mama mkwe wangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, ni mfupi, mnene wa heshima, na akiuliza "Nani huyo?" hata mbwa wa jirani anajitambulisha. Alifanyiwa upasuaji wa goti la kulia, akapangiwa kwenda kliniki ng'ambo ya mji kufanya mazoezi ya kulinyoosha, mke wangu akatafuta dereva wa teksi wa kumpeleka na kumrudisha. Teksi yenyewe ilikuwa kigari kidogo, Mama alikunjwa humo kama shuka, akirudi amevimba goti na amevimba na uso. Siku moja dereva hakutokea. Mke wangu alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule kwa mteja, mimi niko uani nafuta Kochi vumbi, nikasikia fimbo ikija kwenye saruji, ko, ko, ko. Mama akaizunguka pikipiki, akaligonga tangi kama anayechagua tikitimaji, akasema, "Mkwe, hiki kitu kinabeba watu au ni pambo?"

Nikasema, "Mama, binti yako ataniua."

"Binti yangu ana cherehani, hana bunduki. Nipandishe."

Nikampandisha, Shangazi, kwa kutumia ngazi ya kibarazani, nikaenda mwendo wa kusindikiza jeneza, na tulipofika kliniki akashuka akishikilia ukuta, akavitazama vile vikanyagio kwa muda, akasema, "Chombo chenyewe kizuri. Ila aliyepatengeneza hapa pa kuweka miguu hakuwa na mama." Njiani kurudi akaniambia goti limekunjika kuliko hata kwenye teksi, kwa hiyo nina mawili, nivishushe vile vikanyagio au nimpigie magoti yule dereva.

Tukaenda wote wawili duka la vipuri. Muuzaji ni mtu mzima mwenye mikono iliyojaa grisi na maneno yanayoteleza kuliko grisi yenyewe, akatupangia mezani kila aina, vya mviringo vinavyong'aa kama kioo, vyenye meno ya chuma, na vingine vimechongwa mafuvu ya vichwa. Mama akaokota kimoja cha fuvu.

"Huyu marehemu anafanya nini hapa?"

"Huo ni mtindo, mama."

"Nimelea mabinti wa watu bwenini, mitindo naijua. Mitindo ndiyo inayotegua vifundo vya miguu. Lete kitu cha mtu mzima."

Akaletewa vipana, bapa, vimevikwa mpira mnene juu, na pamoja navyo mikono miwili ya chuma ya kuvishusha chini zaidi. Mama akavua kiatu palepale, akaweka unyayo juu ya kikanyagio kama mtu anayenunua kandambili, akautembeza mbele na nyuma, akasema, "Hiki kinanijua." Muuzaji akaniuliza pikipiki yangu ni ya toleo gani, kwa sababu si kila kikanyagio kinakubali kila tundu, na akanishauri niilete pale wanifungie. Nikamwambia mimi mwenyewe ni fundi. Nilisema hivyo mbele ya mama mkwe, Shangazi, sikuweza kurudi nyuma.

Nikavifunga nyuma ya nyumba wakati mke wangu amekwenda kununua nyuzi. Tundu la kwenye pikipiki lilikuwa dogo kuliko pini ya kushikia kikanyagio, nikachukua tupa yangu ya kazini nikalilainisha kidogo, halafu nikalilainisha tena, pini ikaingia bila ubishi, nikakaza boliti mpaka nikasikia ile "tik" ya kuridhisha, nikaacha, maana kazini kwangu ukiendelea baada ya hiyo tik unapasua kioo cha mteja.

Basi tukawa tunakwenda. Mke wangu anajua ni teksi, dereva mwingine, mpole. Mama ananyoosha mguu huko nyuma, goti limetulia, na siku moja baada ya mazoezi akaniambia nisigeuze nyumbani kwanza, nifuate barabara ile iliyonyooka ya kwenda bwawa la maji, tukapita katikati ya miti pande mbili, na huko nyuma yangu nikasikia mtu anaimba. Mama anaimba! Mtu aliyekuwa akinyamazisha bweni zima kwa kukohoa. Tulipofika bwawani akakaa juu ya ukuta, akasema, "Mkwe, tangu baba yao aondoke, kila ninakopelekwa nimeandikiwa na daktari. Leo nimejipeleka." Halafu akanishika mkono, akasema binti yake akijua atamfungia ndani apewe na uzi wa kufuma, kwa hiyo niape kwamba sitasema. Nikaapa. Wewe ungefanyaje?

Jumapili moja mke wangu akatoka uani kuanika nguo, akasimama mbele ya Kochi na beseni kiunoni.

"Hivi ni vipya."

"Vile vya zamani vilichoka."

"Vilichoshwa na nini, na hakuna anayevikanyaga?"

Nikaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Akatua beseni. Akavuta futi yake shingoni, akapiga magoti, akapima toka kwenye kiti mpaka kwenye kikanyagio, akapima upana, akaubonyeza mto wa kiti kwa kiganja, akasoma ule mpira kwa kidole kama anasoma kitambaa. Kisha akasema taratibu, bila hata kuniangalia, "Mwanamke wako ni mfupi. Nyonga nzito. Mguu wa kulia haukunjiki vizuri, anaegemea kisigino. Na wala si msichana, bwana we. Hiki ni kizee."

Shangazi, Mama alikuwa amekaa dirishani anakunywa chai. Ikampalia.

"Pole Mama. Ya moto?"

"Ya moto, mwanangu."

"Hebu wewe mtu mzima niambie, ni kizee gani huyo asiye na haya, anapanda nyuma ya mume wa mtu amenyoosha miguu kama yuko kitandani kwake?"

Mama akaweka kikombe chini, akaniangalia mimi, MIMI, akasema, "Dunia imeharibika, mwanangu."

Tangu siku hiyo mke wangu hagombi. Angegomba ningejua pa kushika. Anapika, anatenga, ananiita "bwana" kwa heshima inayonitoa jasho, na juzi nimemkuta anakata kitambaa kigumu cha bluu, nikamuuliza ni cha nani, akasema, "Namshonea mgeni wako suruali ya kupandia pikipiki, si vizuri mtu mzima apeperushwe gauni barabarani. Kipimo ninacho. Muulize tu kama anapenda mifuko."

Juu ya hayo, safari iliyopita kikanyagio kimoja kililegea tukiwa kwenye kona, kikainama, mguu wa Mama ukateleza, soli ya kiatu ikagusa ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto, ikayeyuka. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nyumbani akasema kiatu alikiacha karibu na jiko, na mimi akaninong'oneza, "Kaza nati, funga mdomo."

Nifanye nini, Shangazi? Nikisema, nimemvunjia Mama kiapo na atafungiwa ndani kweli. Nisiposema, mke wangu ataendelea kuamini nina mwanamke wa nje na ndoa itakwisha kwa jambo ambalo sikulifanya. Au nivifungue tu hivi vikanyagio, nirudishe vile vya zamani, mambo yawe kama mwanzo?

Ni mimi, Fundi Saa.

*

Fundi Saa, marahaba.

Ulipokea simu yangu siku ileile barua yako iliponifikia, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Nilikupigia kwa sababu ndoa inaweza kusubiri gazeti litoke, boliti iliyolegea chini ya mguu wa mama wa watu haisubiri. Nakushukuru kwa kuiegesha Kochi na kumpigia simu yule dereva wa teksi. Sasa nirudie hapa kwa faida ya wengine, maana nina hakika si wewe peke yako unayejiita fundi mbele ya wakwe.

Ulikaza boliti ya pikipiki kama skrubu ya saa ya mkononi. Mwanangu! Saa haijawahi kubeba matroni. Kikanyagio cha abiria kinabeba uzito wa mtu mzima kila penye shimo na kila breki, na wewe ulikining'iniza kwenye mkono wa chuma wa kukishusha, kwa hiyo uzito unazidi kuvuta. Halafu tundu ukalichonga kwa tupa. Pini inayocheza ndani ya tundu leo, kesho inatoka. Ukiona pini haiingii, maana yake umenunua kisicho chako, kirudishe dukani. Usilazimishe chuma, na usimlazimishe muuzaji akuamini kwamba unajua. Nunua vinavyokubaliana na toleo la pikipiki yako, peleka kwa mtu wa kazi hiyo avifunge kwa spana ya kupimia mkazo na gundi ya kuzuia nati kulegea, aangalie kwamba vinakunjika kwenda juu na nyuma vikigusa ardhi kwenye kona, na kwamba mguu uko mbali na ekzosi. Baada ya safari chache za mwanzo, mrudie avikague tena. Kuhusu ule mpira mpana, hapo Mama alichagua vizuri kuliko ambavyo wewe ungechagua. Nakujua, ungechukua vinavyong'aa, na siku ya mvua ungemwokota mtu barabarani.

Tuje kwa yule mwanamke wa nje.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaacha kucheka. Hebu niambie, magauni ya mama mkwe wako anamshonea nani? Umesema mkeo ni fundi cherehani, na huyo ni mama yake mzazi. Unafikiri kuna kipimo cha mwanadamu yeyote hapa duniani ambacho mkeo anakijua kuliko kile? Alipopiga magoti pale na futi yake, hakuwa anamtafuta mwizi. Alishamkamata. Kisha akamgeukia mama yake dirishani akamuuliza kizee gani huyo asiye na haya, na nyinyi wawili, mtu na mkwewe, watu wazima, mkajibu kwamba dunia imeharibika! Imeharibiwa na nani?

Mkeo anajua, bwana. Anajua, na anashona suruali. Mwanamke anayeamini mumewe ana mchepuko hamuulizi mchepuko kama anapenda mifuko.

Sasa utashusha pumzi useme, "Kumbe hakuna shida." Rudi hapa, usikimbie. Kama anajua ni mama yake, kwa nini hajacheka mkaimaliza? Kwa nini anakuita "bwana"? Nenda kwenye barua yako mwenyewe, pale ulipoandika kwamba alikuwa akikuomba ubadilishe vile vikanyagio nawe ukimwambia atazoea. Chini yake umeandika, "Hilo halina neno." Fundi Saa, lile ndilo lenye neno. Mkeo alikuomba mahali pa kuweka miguu nyuma yako. Hakuomba pikipiki ya kwake, wala hakukuomba uiuze hiyo. Ulimwona anashuka na magoti yaliyokufa ganzi, ukamwona anaacha kupanda, ukamwona anabeba mkoba kwenda kituoni, na wewe ukapita na Kochi lako kiti cha nyuma kikiwa kitupu. Halafu mama yake akagonga tangi kwa fimbo mara moja tu, ukakimbia dukani.

Sikulaumu kwa kumsikiliza mama mkwe. Umefanya vizuri, na kile alichokuambia pale bwawani kilinigusa. Ila mkeo alipopiga magoti pale uani hakupima urefu wa mguu tu. Alipima pia kwamba jambo hili liliwezekana siku zote.

Kwa hiyo wazo lako la kurudisha vile vya zamani ili mambo yawe kama mwanzo, litupe. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya, ila aliyekuwa akiumia hakuwa wewe.

Kuhusu kiapo. Hutakivunja kwa mlango wa nyuma. Utamwendea Mama asubuhi, akiwa ameshakunywa chai yake salama, umwambie, "Mama, kiapo nilichokupa kimenishinda, na kiatu chako kimeshayeyuka. Tuseme wote wawili, au niseme peke yangu." Atakukaripia. Vumilia, amezoea kukaripia mabweni. Na wewe Mama, najua utasoma hapa maana mkweo hawezi kuficha hata gazeti: shikamoo mama yangu. Furaha yako si kosa, usiibebe kama peremende ya magendo bwenini. Wasichana wako walipokuwa wakitoka kwa siri usiku ulikuwa unawaambiaje? Kamwambie binti yako unachotaka, kwa mdomo wako. Mtu mzima hafungiwi ndani na mtu aliyemwambia ukweli. Na kabla hujapanda tena, yule anayekufanyisha mazoezi ya goti aulizwe, ajibu mwenyewe, asijibiwe na nyinyi wawili.

Kisha wewe, fundi, utakwenda chumba cha mbele. Usimkute anashona ukasimama mlangoni. Vuta kiti ukae. Usianze na Mama. Anza na "atazoea". Sema ulisema nini, na sema kwamba hukumsikiliza. Usiongeze "lakini". Akinyamaza, nyamaza naye. Umezoea kungoja vitu vidogo vikae sawa, basi ngoja. Akikubali, nendeni wote dukani akajichagulie mwenyewe mahali pa kuweka miguu yake. Ipo mikono ya kushushia yenye matundu zaidi ya moja, kikanyagio kinapanda au kushuka kulingana na anayekaa, kwa hiyo hakuna haja ya mama na binti kugombania kiti. Akichagua kisichopendeza machoni pako, sema kimependeza. Wewe hukikalii.

Na asipokubali, usimsukume. Vifungie, vikae tayari, uendelee na kazi zako. Mlango ukiwa wazi, mtu huingia kwa mwendo wake.

Ni mimi Shangazi yako, ninayekupenda, na ninayekuomba spana usiishike tena.

*

Shangazi, shikamoo tena. Nimeona nikuandikie yaliyotokea, maana umenigombeza bure bila malipo na si haki nikae kimya.

Mama nilimwendea kama ulivyoagiza. Alinikaripia mpaka jirani akauliza kulikoni, kisha akachukua fimbo yake akatangulia yeye chumba cha mbele, mimi nyuma. Akasimama mbele ya cherehani akasema, "Kile kizee kisicho na haya ni mimi." Mke wangu hakusimamisha hata mguu kwenye pedeli. Akasema, "Najua, Mama. Geuka nikupime kiuno, nilikadiria tu." Wakatazamana, wakacheka, walicheka vibaya mno, mpaka Mama akashika meza. Suruali ile imemkaa, ina mifuko minne.

Nikafikiri nami nimepona. Mama alipotoka nikavuta kiti nikakaa. Nikasema ulichoniambia niseme, bila "lakini", ingawa ilinijia mdomoni mara mbili nikaimeza. Mke wangu akasimamisha cherehani. Akasema, "Nilipoona vile vikanyagio nilifurahi. Unajua? Kwa dakika nzima nilidhani umeniwekea mimi. Nikapima ili nijue kama vinanitosha." Akaikunja futi yake. "Kipimo kikawa cha Mama." Safari hii sikutafuta kitu mfukoni.

Anayemfanyisha Mama mazoezi amemruhusu kupanda, mradi apandie kwenye ngazi, avae buti, na siku za mvua arudi kwenye teksi. Mama amelikubali lote isipokuwa hilo la teksi, wanaendelea kujadiliana.

Mke wangu alikubali kwenda dukani baada ya wiki mbili. Alikwenda na futi. Alimkalisha muuzaji juu ya Kochi, akampima, akamshusha, akakaa yeye, akaagiza vile vyenye matundu mawili, vya mpira, rangi nyeusi isiyong'aa hata kidogo, nikasema vimependeza. Fundi wa pale akavifunga, mimi nikashika kofia zote mbili na kunyamaza.

Ilipokuwa tayari akapanda. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akavikanyaga kwa nguvu kama anayejaribu ardhi kama ni ya kweli. Magoti yake yalikuwa mahali ambapo magoti ya watu hukaa. Nikageuka nikamuuliza, "Mke wangu, umenisamehe?"

Akavuta mkanda wa kofia chini ya kidevu, akanishika kiunoni.

"Sijakusamehe. Endesha."